Alfaiate, kibarua na fundi: majina ya kazi kutoka Lisbon hadi Kibera

Leo tuache kidogo habari za programu tuzungumze historia. Tutarudi kwenye programu mwishoni, maana swali lenyewe limetoka huko. Swali ni hili: ukitaka kutengeneza orodha ya kazi za watu wa Kibera na Kawangware, ile orodha ambayo mtu anabofya na kuchagua, utaandika majina gani humo?

Linaonekana jambo jepesi mpaka uanze. Tembea kutoka Toi Market hadi Makina, au shuka steji ya Kawangware 46 uelekee Gatina, usome vibao. Fundi viatu. Kinyozi. Dobi. Msusi. Welda. Fundi wa simu. Makanika. Ukienda upande wa Lavington utamkuta askari getini na yaya ndani ya nyumba. Kila jina hapo limekuja kwa njia yake na katika karne yake. Na ukilifuata nyuma hulikuti tu neno, unakuta ni nani aliyekuwa akimlipa nani.

Ili tuone vizuri mambo ya kwetu, naomba tuanzie mbali, kwa watu ambao kisa chao kinafanana na chetu lakini kimegeuzwa juu chini. Nazungumzia Wareno, na jirani zao wa Galisia, kaskazini-magharibi mwa Hispania.

Wareno walichukua sindano na mwiko

Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711. Lisbon ikatekwa na mfalme Mkristo Afonso Henriques mwaka 1147, na kusini kabisa, Algarve, vita vilimalizika mwaka 1249. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Ureno ya leo ilikaa karne nne au tano chini ya watawala wanaoandika Kiarabu. Ukifungua kamusi ya Kireno unaziona karne hizo kwenye majina ya kazi:

1. *Alfaiate*, mshonaji wa nguo. Kiarabu: al-khayyat.
2. *Alvanel*, mwashi. Kiarabu: al-banna.
3. *Alveitar*, mganga wa farasi na ng'ombe. Kiarabu: al-baytar.
4. *Almocreve*, mwenye nyumbu wa kubebea mizigo ya watu. Kiarabu: al-mukari.
5. *Alfageme*, kinyozi na mnoa panga. Kiarabu: al-hajjam, yaani mpiga chuku. Ni shina lile lile la hijama inayotangazwa siku hizi mjini.
6. *Almotacé*, mkaguzi wa mizani na bei sokoni. Kiarabu: al-muhtasib.

Tazama ni kazi gani hizi. Ukimwacha huyo wa mwisho, zote ni kazi za mikono: sindano, mwiko, wembe, kwato. Sababu yake inajulikana. Watawala walipobadilika, mafundi walibaki. Mwaka 1170 Afonso Henriques aliwapa Waislamu huru wa Lisbon na miji mitatu ya jirani hati ya kuishi chini ya ulinzi wake, wakilipa kodi. Mtaa wao Lisbon uliitwa Mouraria, na hata leo unaitwa hivyo. Mkristo aliyetaka kanzu au ukuta alikwenda kwa mtu aliyeijua kazi, akamwita kwa jina ambalo mtu huyo alijiita.

Galisia haikutawaliwa na Waislamu kwa muda mrefu hivyo. Maneno mengi ya namna hii yalifika huko yakipitia kwa majirani wa kusini, na ndiyo maana hayakushika sana. Kigalisia cha zamani kilimjua alfaiate, lakini leo mshonaji huko huitwa zaidi *xastre*, neno lenye asili ya Kilatini. Mahali ambapo fundi mwenyewe hakukaa, jina lake nalo lilikaa kwa shida.

Sasa sikiliza mwisho wake. Desemba 1496 mfalme Manuel I alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi na Waislamu kutoka Ureno. Watu wakaondoka au wakabadilishwa dini, maneno yakabaki. Halafu maneno nayo yakaanza kushuka cheo. Shule za utabibu wa mifugo zilipofunguliwa, aliyehitimu hakutaka kuitwa alveitar, alitaka kuitwa *veterinário*. Mwashi akawa *pedreiro*. Almocreve alikufa pamoja na nyumbu wake. Aliyebaki na nguvu ni alfaiate.

Waswahili walichukua kalamu na mizani

Rudi pwani yetu. Hapa Kiarabu kimeishi na Kiswahili kwa zaidi ya miaka elfu, na kimeacha maneno mengi kuliko kilivyoacha Ureno. Basi tungetarajia mshonaji wetu awe "hayati" na mwashi wetu awe "banai". Sivyo ilivyo. Mshonaji ametoka kwenye kushona. Mwashi ametoka kwenye kuaka, yaani kujenga kwa mawe, na pwani walikuwa wakijenga kwa matumbawe tangu zamani. Kinyozi ni kunyoa, msusi ni kusuka, mfinyanzi ni kufinyanga, mvuvi ni kuvua. Na mkubwa wao wote, fundi, ana shina moja na kufunda na kufundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa akaweza. Hizi zote ni za Kibantu.

Kiarabu kimeshika wapi basi? Mwalimu, kadhi, hakimu, wakili, tabibu, mhasibu, dalali, tarishi, hamali. Anayeandika, anayehukumu, anayehesabu, anayeunganisha muuzaji na mnunuzi, anayetumwa na barua, anayebeba mzigo bandarini. Mhasibu wetu na almotacé wa Wareno wana shina moja, la kuhesabu. Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, ila sisi tuliona wafanyabiashara wana pesa, tukaliita tajiri kila lenye pesa. Mhandisi naye ni muhandis wa Kiarabu, na Waarabu nao walilipata shina hilo kwa Waajemi, likiwa na maana ya kipimo.

Kwa hiyo wenzetu walikopa majina ya mafundi na sisi tukakopa majina ya ofisi, mahakama na bandari. Ukitaka sababu, angalia nani alikuwa mgeni. Ureno fundi ndiye aliyeonekana wa dini nyingine na lugha nyingine, huku mfalme na karani wakiwa wenyeji. Pwani yetu fundi alikuwa mwenyeji, na kilichokuja na meli ni dini, sheria, hesabu na biashara ya mbali.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wenzangu wa programu watalipenda. Kireno kilimeza neno pamoja na "al" yake, ambayo kwa Kiarabu ni kialamishi tu. Ni kama mtu anakili data pamoja na nukta za kuitenganisha. Kiswahili kilibandua "al" hiyo karibu kila mahali (tukiacha alfajiri, alasiri, Alhamisi na wenzao wachache), kisha mara nyingi kikabandika kiambishi chake: mhasibu, wahasibu, uhasibu. Likishapata m-, wa- na u- neno limepewa kitambulisho, na mtoto wa Kawangware hawezi kujua kwamba lilikuwa geni.

Barua moja, bahati mbili

Neno ambalo kwangu linaeleza mambo haya yote kwa mkupuo mmoja ni barua. Kwa Kiarabu kuna bara'a, hati ya kumwachilia mtu deni au kumpa ruhusa. Kireno kililichukua likawa *alvará*, na hadi leo alvará ni leseni: karatasi ya serikali inayosema kampuni hii inaruhusiwa kujenga, duka hili linaruhusiwa kufunguliwa. Kwetu likawa barua. Halafu tukalipunguza kwa ki-, likawa kibarua.

Kibarua kilikuwa kikaratasi. Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19, mtu aliyekodishwa kwa siku alipewa kicheti cha kuonyesha siku aliyofanya kazi. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta kazi mjini, na sehemu ya ujira ilirudi kwa bwana. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha la mtu mwenyewe. "Yeye ni kibarua." Leo asubuhi watu kwa maelfu watatoka Kibera kwa miguu kwenda Industrial Area, na wengine Kawangware kwenda kwenye majengo ya Kileleshwa na Lavington, kutafuta kibarua, na hakuna atakayepewa karatasi yoyote.

Asili moja, basi. Huko ikawa karatasi ya kudumu ya mwenye kampuni, huku ikawa karatasi ya siku moja ya asiye na kitu. Mkoloni Mwingereza naye aliongeza karatasi yake: kipande, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, kikiandikwa mwajiri wake, mshahara na siku aliyoachwa. Hicho kilimpa nguvu mwajiri zaidi ya aliyekivaa.

Reli, Bara Hindi na yaya

Majina mengine yamekuja kwa upande wa Bara Hindi. Dobi, sonara na karani ni ya huko. Bepari pia: kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi tu, kisha siasa za karne ya 20 zikampa kazi kubwa zaidi ya kuwakilisha mfumo mzima wa ubepari.

Baadhi yalikuwapo pwani kabla ya Nairobi kuwapo, lakini reli iliyaleta bara kwa nguvu. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika hapa Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa kazini. Na reli inapita katikati ya Kibera mpaka leo.

Mafundi wa Kihindi waliokuja na reli walijiita *mistri*, neno ambalo Wahindi walilipata kwa Wareno, kutoka *mestre*, bingwa wa kazi. Lingeweza kuingia Kiswahili kwa urahisi. Halikuingia. Nairobi nzima iliwaita mafundi, kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari.

Yaya alipata nafasi. Wareno walikuwa na *aia*, mwanamke wa kulea watoto wa wakubwa. Walikwenda nalo India, Waingereza wakalichukua huko wakaliandika *ayah*, na sisi tukalipokea likiwa yaya. Wareno walikaa Mombasa wenyewe, walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 wakaipoteza mwaka 1698, wakatuachia meza, leso na bendera. Jina la kazi ambalo Nairobi inalitamka kila siku kutoka kwao halikupita Mombasa kwa mkono wao, limezunguka India kwanza.

Kiarabu kingine, cha Kibera

Wengi wakisikia Kiarabu wanafikiria Lamu au Mombasa. Kumbe Kibera ina Kiarabu chake. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wa Kisudani waliokuwa na Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, chini ya serikali ya Misri. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua waliobaki akawaleta Uganda, na baadaye wengi wakaingia King's African Rifles iliyoundwa mwaka 1902. Walikaa kwenye msitu waliouita Kibra, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Lugha yao, Kinubi, ni Kiarabu kilichozaliwa upya kambini kati ya watu wa makabila mengi. Mtaalamu Bernd Heine alikiandikia kitabu kizima mwaka 1982, akikiita kwa jina la Kibera.

Askari hao walikuja na majina yao ya kazi: ombasha na shaushi. Yote mawili ni ya Kituruki, maana jeshi la Misri lilifuata desturi za Waturuki. Ombasha ni mkuu wa watu kumi. Leo ukimwita mtu ombasha atadhani unamtukana, kwa sababu nafasi zao zilichukuliwa na koplo na sajini wa Mwingereza. Ni kisa kile kile cha alveitar na veterinário: mlipaji akibadilika, cheo kinabadilishwa jina.

Askari tu ndiye aliyebaki, ila ameshuka. Kwa Kiarabu ni mwanajeshi. Kwa Nairobi ya leo ni polisi, au mara nyingi zaidi ni mtu wa Kawangware anayekesha kwenye geti la mtu mwingine akiwa na rungu na tochi.

Na ardhi je? Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288. Mwaka uliofuata, Julai 2018, nyumba za maelfu ya watu wa Kibera zilibomolewa kupisha barabara. Nikisoma kuhusu Mouraria ya Lisbon siwezi kuacha kulifikiria hilo. Neno halihitaji hati ya ardhi ili likae. Fundi anahitaji mahali pa kuweka meza yake.

Fundi hana safu

Sasa turudi kwenye ile orodha. Kwa mwandika programu, fundi ni neno la ajabu. Halitaji kazi, linataja kiwango cha kuweza, kisha unaliambatanisha na chochote: fundi wa saa, fundi wa mabomba, fundi wa stima, fundi wa mbao, fundi wa simu. Simu za mkononi zilipoenea hatukusubiri kamati itunge neno, siku hiyo hiyo fundi wa simu alikuwa na kibanda. Sisi wenyewe mtaani tunaitwa fundi wa kompyuta, na wengine wetu wanakasirika. Nadhani wanapaswa kushukuru.

Lakini nguvu hiyo ina hasara yake, na hasara ni ya pesa. Amri ya mishahara ya chini kabisa nchini Kenya huorodhesha kazi kwa Kiingereza. Ngazi ya chini kabisa ni kibarua wa kawaida, na ndani yake wametajwa mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana, tarishi na yaya, aliyeandikwa kwa tahajia ile ile ya kikoloni ya *ayah*. Juu yao kuna fundi asiye na gredi, kisha gredi ya III, ya II na ya I, kila moja na mshahara wake. Kupanda kutoka asiye na gredi hadi mwenye gredi si suala la ukuta wako kusimama wima. Ni suala la cheti cha mtihani wa NITA.

Mwashi wa Laini Saba aliyejenga nusu ya maghorofa ya Ngong Road anaweza kuwa hana cheti hicho. Tumemwita fundi, na kwetu hilo linatosha kuwa sifa. Kwa mhasibu wa kampuni ya ujenzi linamaanisha "asiye na gredi". Mhandisi ana bodi yake ya usajili, wakili ana chama chake, mhasibu ana taasisi yake. Yaani wale wa kalamu, ambao majina yao yalikuja na meli, wote wana karatasi. Wale wa mikono, ambao majina yao ni ya nyumbani, ndio hawana. Serikali ilianza kuwataja kama jua kali katika mipango yake miaka ya 1980, ikatunga sheria ya biashara ndogo mwaka 2012, na katika miaka hii ya 2020 imeanza mpango wa kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Ni hatua nzuri. Fomu zake zikiwa kwa Kiingereza pekee, nusu ya watu zitawapita.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza orodha ya kazi, ya tovuti ya ajira, ya chama cha akiba au ya serikali ya kaunti, nina maombi matatu:

1. Usitafsiri orodha ya Kiingereza. Anza na majina ambayo watu wanajiita, kisha yaunganishe na yale ya sheria nyuma ya pazia, ambako mtumiaji hayaoni.
2. Fundi asiwe kitu kimoja cha kuchagua. Mpe sehemu mbili: "fundi wa" halafu nafasi ya kuandika. Orodha itajifunza yenyewe, na utashangaa kuna mafundi wa vitu gani.
3. Weka safu ya miaka ya kazi na safu ya aliyemfunda, zikiwa mbali na safu ya cheti. Asiye na cheti asionekane kama mtu asiyejua kitu.

Kireno kilitunza majina ya mafundi wake kwa karne nyingi baada ya kuwafukuza wenyewe. Sisi mafundi tunao, wako hai, wako Kibera na Kawangware leo hii. Kinachotakiwa ni safu chache kwenye jedwali na mtu wa kuzijaza kwa uaminifu.